Sayansi ya jikoni na uani kwa watoto wa chekechea: maswali ambayo wazazi hutuuliza kila mara

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi wazazi huja darasani kwetu hapa Tanga, wakakaa mkekani na watoto wao wa miaka mitatu hadi sita, tukachezea maji, mbegu, vivuli na wadudu. Wengine huletwa na bibi, wengine na dada wa nyumbani, na mara mojamoja huja baba aliyelazimishwa na mkewe, ambaye kwa kawaida ndiye wa mwisho kuondoka. Maswali yanayonifikia kwenye kundi la WhatsApp baada ya hapo ni yale yale kila mwezi. Nimeyaweka hapa na majibu yake, nipate kulala mapema Jumamosi usiku.

Mwalimu, mtoto wa miaka minne ataelewa sayansi gani?

Nadharia hataelewa, wala hatumfundishi. Anachoweza ni kutazama, kukisia, kujaribu na kusimulia alichokiona. Tena kukisia anakujua tayari, maana amekulia kwenye vitendawili. Ukimwambia "Kitendawili!" anajibu "Tega!" hata kabla hajajua utasema nini. "Nyumba yangu haina mlango." Anataja hiki, anataja kile, akishindwa anatoa mji, ndipo unamwambia: yai.

Nasi twaenda kwa mtindo huo huo. Kabla ya kutumbukiza kitu majini, tunatega: kitazama au kitaelea? Kila aliyepo, mama na baba wakiwemo, akisie kwa sauti. Aliyekosea atoe mji. Zimeshatolewa Muheza, Korogwe, Pangani, na babu mmoja aliyekosea mara tatu mfululizo alitoa Dubai nzima. Ukitaka kuchukua jambo moja tu kwenye ukurasa huu, chukua hilo: usimwonyeshe mtoto jibu kabla hajategua. Akishakisia, macho yake hayabanduki kwenye glasi.

Tuanze na nini nyumbani, bila kununua vifaa?

Anzeni na yai. Chukua glasi ya kama robo lita, tia maji ya bomba, tumbukiza yai bichi. Linazama. Litoe, koroga chumvi vijiko vitatu vya chakula mpaka iyeyuke, rudisha yai. Linaelea. Likikaidi, ongeza kijiko. Ukiwa na mkono mtulivu, mimina maji yasiyo na chumvi polepole juu yake kupitia mgongo wa kijiko. Yai litabaki katikati ya glasi kana kwamba limeshikwa na mtu. Watoto hapo hunyamaza kabisa, jambo ambalo mwenye chekechea analijua thamani yake.

Mwaka jana mtoto mmoja aliuliza: na baharini je, litaelea? Wazazi wote walisema ndiyo, bahari si ina chumvi. Tukaenda ufukweni na ndoo. Yai likazama puu. Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 tu za chumvi, wakati glasi yetu ilikuwa na chumvi nyingi kuliko hiyo mara tano au zaidi kwa kipimo hicho hicho. Watu wazima kumi na mmoja walitoa miji siku hiyo.

Yai likielea kwenye maji matupu, bibi yako atakwambia ni la siku nyingi, na ni kweli. Gamba lina vitundu vidogo. Maji ya ndani hupungua, hewa huingia, yai linakuwa jepesi.

Mbegu zetu zilioza. Tulikosea wapi?

Karibu kila mara ni maji mengi. Loweka choroko usiku mmoja, kisha ziweke kati ya ukuta wa glasi na pamba iliyoloweshwa ikakamuliwa. Isiogelee. Nasema choroko kwa sababu huota upesi, siku moja au mbili mzizi unachungulia. Maharage yanaweza kuchukua karibu wiki, na wiki kwa mtoto wa miaka minne ni umri mzima.

Zikishaota, fanyeni mambo mawili. La kwanza, laza glasi ubavu. Kufikia kesho yake mzizi umeshapinda kutafuta chini, na hapo mtoto atakuuliza mzizi umejuaje. La pili, weka glasi nyingine kabatini, gizani, kwa siku nne au tano, mkitegana kwanza. Wengi hukisia kwamba ya kabatini itakuwa fupi. Hutoka ndefu kuliko ya dirishani, lakini ya njano na legevu, imejinyoosha kutafuta mwanga. Irudisheni dirishani muone inavyogeuka kijani.

Huku si kuchezea chakula? Mama mkwe wangu hakupenda.

Mama mkwe wako ana hoja, nami niko upande wake. Nimeona kwenye video mabeseni ya mchele uliotiwa rangi watoto wachotechote, kisha unamwagwa. Kwetu hatufanyi hivyo. Choroko zilizoota hupikwa. Yai la chumvi huchemshwa siku hiyo hiyo. Hamira iliyoumuka inaingia kwenye unga wa maandazi. Kwa kuchota na kumimina, mchanga upo, na Tanga mchanga haujaisha.

Kuna jaribio ambalo hata sisi wakubwa hatutalijua jibu?

Lipo, na ndilo nilipendalo kuliko yote. Nunua barafu mbili za ukwaju zilizo sawa, zile zinazouzwa mtaani. Moja iache kwenye sahani kivulini. Nyingine izungushie blanketi au sweta nzito. Tegeni: ipi itayeyuka kwanza?

Mtoto atasema ya kwenye blanketi, kwa kuwa blanketi lina joto. Babake atasema hivyo hivyo, kwa sauti kubwa zaidi. Subirini nusu saa mfungue. Ya sahani imeshakuwa juisi, ya blanketi bado ngumu. Blanketi halina joto lake. Linazuia tu joto lisipite. Ukiwa ndani yake wewe, linazuia lako lisitoke. Ikiwa ndani yake barafu, linazuia la nje lisiingie. Wauza barafu za vipande wanaofunika kwa gunia na maranda hawakuhitaji mwalimu kuwaambia hilo.

Usimweleze mtoto yote hayo. Mwambie ajaribu tena kwa gazeti, kwa kanga, kwa majani makavu. Mama mmoja aliniandikia kwamba mwanawe alijaribu kwa wiki mbili, na deni lao dukani lilikuwa la barafu tupu.

Jaribio pacha lake ni la mtungi. Chukua chupa mbili za maji, moja uivalishe soksi mbichi, ziweke dirishani penye upepo. Baada ya saa moja ya soksi itakuwa baridi zaidi, kwa sababu maji yanapokauka hubeba joto. Mtungi wa udongo unaotoa jasho hufanya kazi hiyo hiyo. Lakini mlifanye kiangazi. Wakati wa masika hewa ya pwani imeshajaa unyevu, soksi haikauki, na mtabaki mnakunjiana uso.

Puto letu la hamira halikuvimba.

Maji yalikuwa ya moto mno au hamira ilikuwa ya zamani. Hamira ni viumbe hai, na maji yanayounguza kidole huwaua. Tumia maji vuguvugu, kijiko kimoja cha sukari, kijiko kidogo cha hamira, kwenye chupa ndogo, puto mdomoni. Baada ya dakika 20 linaanza kusimama, na baada ya saa moja limeshika umbo. Ni hewa ya ukaa, ile ile inayotoboa vishimo kwenye mkate wa kumimina. Mkimaliza mwonyeshe vishimo hivyo, kisha mle. Puto likipasuka okoteni vipande vyote. Mtoto akikimeza kinaweza kumziba koo.

Binti yangu anaogopa wadudu. Nimlazimishe?

Hapana. Mpe kazi ya kuangalia akiwa mbali, mwingine ashike. Woga hupungua wenyewe mtoto akiwa na jambo la kufuatilia, na kwa kufuatilia sijaona kitu kinachomshinda kiwavi wa mlimau.

Angalia majani ya mlimau au mchungwa wenu. Utakuta kitu kama kinyesi cha ndege, cheusi chenye baka jeupe. Kitazame vizuri: kina miguu. Kwa kufanana na kinyesi kinaepuka kuliwa. Kikikua kinabadilika rangi na kuwa kijani kama jani. Ukikigusa kidogo kwa kijiti, kinatoa vipembe viwili vya rangi ya machungwa nyuma ya kichwa, na harufu kali inayowafanya watoto wakimbie wakicheka, kisha warudi kuiomba tena. Mara moja inatosha, nacho ni kiumbe.

Msikiingize kwenye kopo nyumbani. Livisheni tawi mfuko wa neti, mkifunge hapo hapo mtini, ale majani yake. Atajifunga kwenye kijiti, atulie kama wiki mbili, kisha atoke kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano. Au asitoke. Safari moja tulisubiri kipepeo, wakatoka nyigu wadogo sana: mama yao alikuwa ametaga mayai ndani ya kiwavi wetu. Nilidhani watoto watalia. Hawakulia, waliongelea hilo jambo hadi likizo, na wazazi wawili ndio waliohitaji kubembelezwa.

Viwavi wenye manyoya waachwe kabisa, wanawasha vibaya. Na kwa mtoto mwoga sana anzeni na kifauwongo, ule mmea unaokunja majani ukiguswa. Unajaa kwenye nyasi za pembeni mwa barabara, hauumi ukiepuka miiba yake midogo, na baada ya dakika chache hufunguka tena. Mwulize: ukipuliza badala ya kugusa, je?

Vivuli: tumepima mara moja, mtoto akachoka. Kuna zaidi ya hapo?

Kuna zaidi sana. Kosa la wengi ni kupima mara moja. Simika kijiti uani, tieni kokoto mwisho wa kivuli asubuhi, kisha kila mkipita. Kufikia jioni mna mstari wa kokoto, na mtoto anaona jua limetembea bila kulitazama. Kulitazama jua ni marufuku, hata kwa miwani.

Saa yetu yenyewe imetokana na mchezo huu. Tunaanza kuhesabu jua linapochomoza, saa moja, saa mbili, mpaka saa sita jua likiwa utosini. Mtoto wa Kiswahili ana bahati hiyo: saa na kivuli vinaongea lugha moja.

Sasa utosini hasa ni lini? Hapa Tanga ni siku mbili tu kwa mwaka, karibu tarehe 7 Machi na karibu tarehe 5 au 6 Oktoba. Siku hizo, saa sita na ushei mchana, kijiti kilichosimama wima hakina kivuli. Kitendawili chasema "Kila niendapo ananifuata", na siku hiyo mfuasi hayupo. Watoto huruka wakimtafuta chini ya nyayo. Dar es Salaam ni siku nne tano kabla, kwa ile ya Machi, na siku kama hizo baada, kwa ile ya Oktoba.

Familia moja ya hapa ina ndugu Muscat. Mwezi Juni, siku za karibu na tarehe 21, watoto wa pande zote mbili walisimika vijiti vya mita moja na kupigiana simu. Kwetu, saa sita na dakika 25, kivuli kilikuwa kama sentimita 54 na kilielekea kusini. Kule, kwa saa sita yao, kivuli hakikuwepo kabisa, kwa sababu wakati huo jua liko karibu juu ya vichwa vyao. "Wamekipeleka wapi?" akauliza wa hapa, miaka mitano. Bibi yao, aliyewahi kuishi pande zote mbili, alisema alikuwa anaona hilo miaka yote asijue kwamba ni jambo la kuulizwa. Kama mna ndugu mbali, kaskazini au kusini, fanyeni hivyo. Gharama yake ni bando tu.

Nilimmiminia juisi ile ile kwenye glasi nyembamba, akasema imeongezeka. Ana tatizo?

Hana. Umerudia, bila kujua, jaribio la Jean Piaget, Mswisi aliyefariki mwaka 1980. Aligundua kwamba watoto walio chini ya takriban miaka saba huangalia urefu wa maji kwenye chombo, wakaamini kwamba yamezidi hata kama wameyaona yakimiminwa. Usimsahihishe. Mwulize "umejuaje?", umsikilize, kisha rudieni baada ya miezi sita. Siku atakapocheka na kusema "si ni ile ile!" utakumbuka alivyokuwa. Kwa wakati huu, mwenye watoto wawili na uji mmoja anunue vikombe vinavyofanana.

Akiuliza "kwa nini" na mimi sijui?

Toa mji. Sema "hapo umenishinda, nakupa Mombasa," kisha muulize anavyodhani yeye. Mzazi anayebuni jibu hufanya kosa kubwa kuliko asiyejua, maana mtoto hulibeba hilo jibu hadi darasa la tano.

Tuongee Kiswahili au Kiingereza? Shule anayokwenda mwakani ni ya Kiingereza.

Ongeeni lugha ambayo mtoto anabishania. Kama nyumbani ni Kisambaa au Kidigo, basi hicho. Kuelea, kuzama, kunata, kuyeyuka, kuganda, mvuke, sumaku: haya akiyajua vizuri kwa lugha yake, kupata jina jingine baadaye ni kazi ya siku moja.

Anakaa dakika tano tu, anaondoka.

Dakika tano zinatosha. Acha glasi mezani, atarudi.

Mambo gani ya hatari tuyajue?

Hapa sina mzaha.

Maji kwanza. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye ndoo yenye maji ya sentimita chache. Mkimaliza mchezo, mwagieni mimea, ndoo igeuzwe chini.

Kamwe msiweke kitu cha jaribio, wala mafuta ya taa, wala dawa ya choo, kwenye chupa ya soda. Mtoto anaijua ile chupa. Hatasoma ulichoandika juu yake.

Betri bapa za duara, zile za saa na vidude vya kuimba, zikimezwa huunguza koo ndani ya saa chache. Sumaku ndogo mbili zikimezwa huvutana tumboni na kubana utumbo. Kwa vyovyote vile vitu hivyo viwili havina nafasi kwenye mchezo wa chekechea. Ukishuku mtoto kameza kimojawapo, nenda hospitali moja kwa moja.

Mbegu: zile nyekundu zenye doa jeusi zinazotengenezewa shanga zina sumu, na za mbarika pia. Karanga nzima zinakaba walio chini ya miaka mitano. Choroko, je? Zinaingia puani. Tuliwahi kupata mmoja, alikaa kimya mpaka jioni, na mbegu iliyolowa huvimba humo. Usiivute kwa kibanio maana utaisukuma ndani; mpeleke kwa daktari. Tangu siku hiyo tunahesabu mbegu zinazotoka na zinazorudi, na watoto wenyewe ndio wahesabuji wakali.

Kwa nini hamfanyi volkano ya siki kama kwenye video?

Tumefanya mara mbili. Inatoka povu, watoto wanapiga kelele, basi. Hakuna alichokisia mtu, na mtoto anaondoka akiamini mlima hulipuka kwa sababu kuna aliyemwaga siki. Sisi tuna volkano ya kweli nchini, Ol Doinyo Lengai, kusini mwa Ziwa Natron, ambayo ililipuka kwa kishindo mwaka 2007 hadi 2008. Lava yake imejaa kabonati ya sodiamu, ndugu yake magadi ya dukani. Joto lake ni kama nyuzi 500 hadi 600, karibu nusu ya joto la lava za kawaida. Hutoka nyeusi, na ikikaa kwenye hewa yenye unyevu hugeuka nyeupe. Mwonyeshe mtoto picha zake, itamkaa zaidi.

Kama mmeshanunua hiyo siki, itumieni na choya. Chemsha maua makavu ya choya, zimua kwa maji mengi mpaka yawe mekundu mepesi, gawa kwenye glasi tatu. Moja iache. Ya pili itie siki au limau: wekundu unakolea. Ya tatu tia maji ya magadi kidogo kidogo, mtu mzima ndiye atie kwa kuwa magadi yanaumiza macho, na tazameni rangi ikihama kuelekea kijani na bluu. Kisha mpe mtoto limau na umwambie airudishe nyekundu. Hiyo ya tatu hainywewi.

Jumamosi hii tuje na nini?

Tunakwenda ufukweni, maji yakiwa yamekupwa. Ni siku za bamvua, mwezi ni mpevu, hivyo maji yatatoka mbali sana; yatakuwa chini kabisa mnamo saa nne asubuhi, na tukiondoka saa sita yatakuwa yanaturudia. Njooni na viatu vya kufunga miguu, kwa ajili ya miiba na mawe, na kofia. Konokono na makombe tutayatazama yalipo bila kuyaokota kwa mkono, hasa yenye umbo la pia ya kuchezea, kwa kuwa baadhi yake huchoma kwa sumu. Kila familia ilete kijiti kimoja kirefu cha kusimika mahali inapokisia maji yatafika saa sita. Na orodha ya miji, kwa mtakaokosea.